Mbao Walizotuchukulia

Mimi ni fundi mwashi. Kazi hii nilijifunza Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge, tukijenga nyumba za wafanyakazi miaka ile ambayo bendera mpya ilikuwa bado inatushangaza. Aliyenifundisha alikuwa mzee mmoja kutoka Bungu, mtu wa maneno machache na mkono mzito. Siku ya kwanza nilikuja na mwiko wangu mpya nikidhani nitapewa tofali. Akaninyang'anya mwiko, akanipa panga. Wiki mbili nzima nilikata miti, nikafunga kamba, nikapanga mbao za kusimamia mafundi. "Asiyejenga kwanza pa kusimama, ukuta wake usiuamini," aliniambia. Mimi nilikuwa natoka Vugiri, kijana wa milimani, na niliona kupanda juu ni jambo la kuzaliwa nalo. Nilimwona mzee yule mkali bila sababu. Ilinichukua miezi michache tu kubadili mawazo, baada ya kumwona mtu ameanguka kutoka urefu ambao hata mbuzi angeruka akaendelea kula majani. Hakuinuka tena kama alivyokuwa.

Vijiji vya ujamaa vilipoanza nilikuwa nimeshakuwa fundi kamili, nina mke na watoto wawili pale Korogwe. Nikaombwa kwenda Handeni kusimamia ujenzi wa shule katika kijiji kipya, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mkata. Nilikwenda kwa moyo mweupe. Nataka hili lieleweke, kwa sababu wapo wanaonisikia nikisimulia wakadhani nilikuwa mpinzani wa siasa ile tangu mwanzo. Sikuwa. Niliamini kwamba mtoto wa mkulima wa mihogo anastahili darasa lenye bati na sakafu, na kwamba sisi wenyewe, kwa mikono yetu, tunaweza kulijenga. Ninaamini hivyo hadi leo. Hasira yangu haikutoka huko.

Watu wa kijiji kile walikuwa Wazigua, Waislamu, wakulima, wengi wao wamehamishwa kutoka makazi yao ya zamani, mengine ya mbali sana. Nyumba zilipangwa kwa mstari ulionyooka kama uzi. Kazi ya shule ilikuwa msaragambo: kila nyumba inatoa mtu, wanaume wanachimba na kufyatua tofali, wanawake wanabeba maji na mchanga. Mafundi wa kweli tulikuwa wawili tu, mimi na mwashi mmoja wa pale pale kijijini, mwanamume mwembamba wa rika langu. Alikuwa amejifunza uashi kwa kutazama, lakini timazi lilikuwa kama limeumbwa naye; aliweza kufumba jicho moja na kukuambia ukuta umelala upande gani kabla hujashusha uzi. Alinitania tangu siku ya kwanza.

"Wewe Msambaa," alisema, "huku kwetu hakuna ukungu wa kukuficha ukiharibu kazi."

"Na huko kwetu," nikamjibu, "hakuna ardhi tambarare ya kumfanya mvivu aonekane fundi."

Tukawa kaka na kaka. Mkewe alinipikia kama shemeji wa damu.

Msimamizi wa mambo yote alikuwa ofisa kijana aliyetumwa kuharakisha maendeleo ya kijiji. Alivaa suruali ya kaki na shati lenye kalamu mbili mfukoni. Nisimsingizie: alibeba tofali kama sisi, alikula ugali wa kijiji kama sisi, na alipozungumza habari za shule macho yake yaliwaka kweli. Hakuwa mwizi wala mlevi. Nimefikiri sana juu ya hilo. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mwizi.

Tatizo la kwanza lilikuwa njia. Kijiji kilipimwa upya, lakini kisima kilibaki mahali pake pa zamani, na njia ya kwenda kisimani ilipita mguuni kabisa mwa ukuta wa mwisho wa shule. Wanawake walipita pale asubuhi na jioni, ndoo kichwani, watoto mgongoni, juu yao sisi tukiwa na tofali na makarai. Mtu mwenye ndoo kichwani hawezi kutazama juu. Nilimfuata ofisa.

"Ndugu," nikamwambia, "naomba watu wanne kwa siku moja. Tukate miiba ya migunga, tuzungushie uwanja wa ujenzi, na njia ya kisimani tuihamishie upande wa pili. Watazunguka kidogo tu."

Alinitazama kana kwamba nimemwomba azungushie jua ua.

"Fundi, shule hii ni ya nani?"

"Ya wananchi."

"Sasa utawazuiaje wananchi kwa miiba wasipite kwenye mali yao? Miiba waliweka wakoloni. Sisi hatufanyi hivyo."

Nikamweleza kwamba mkoloni hahusiki, kinachohusika ni tofali linalodondoka. Akacheka, akanipiga bega. "Wafundishe wenzako wasidondoshe tofali." Akaenda zake, na mimi nikaenda zangu, nikawa nawaambia wanawake mmoja mmoja wazunguke. Wengine walizunguka. Wengine, ndoo ikiwa nzito na jua kali, walipita palepale. Sikuwalaumu.

Kuhusu jukwaa letu la kujengea, hapo mwanzoni nilishinda. Nilikataa kuanza kuta za juu mpaka lori lilipoleta miti ya mkaratusi kutoka milimani na mbao nene zilizopasuliwa vizuri. Nililifunga mwenyewe, kamba mpya za katani, mihimili ya kukingama kila pembe. Mwashi mwenzangu alipanda akarukaruka juu yake.

"Hapa hata arusi inaweza kuchezwa," alisema.

Tulipanda na jukwaa lile mpaka usawa wa lenta, ule mhimili unaopita juu ya milango na madirisha. Kulibaki kazi moja ngumu: ukuta wa pembe, ile sehemu ya mwisho wa jengo inayopanda kwa ncha ili kushika paa. Huo ndio ukuta uliokuwa juu ya njia ya kisimani.

Jumapili moja taarifa ikaja kwamba mgeni mkubwa atapita siku ya Alhamisi kuona kazi za kujitegemea. Kijiji kikachangamka. Wanawake wakaanza kufagia hata vichaka. Jumatatu asubuhi ofisa alinikuta nachanganya udongo.

"Fundi, vunja jukwaa lako. Mbao na miti vinahitajika uwanjani."

"Uwanjani kuna nini?"

"Kuna jukwaa la mgeni. Ulitaka ahutubie juu ya kichuguu?"

Kwa Kiswahili chetu neno ni lilelile moja, jukwaa, la fundi na la mheshimiwa. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza sisi tutasimama wapi, maana ukuta wa pembe haujapanda.

"Na huo ukuta lazima uwe umekwisha Alhamisi," akasema. "Mgeni hawezi kuona shule haina kichwa."

"Bila jukwaa?"

"Tumia akili, fundi. Kuna shamba la mkonge lililoachwa kule bondeni. Milingoti imejaa. Watu wanajengea nyumba."

Mlingoti wa mkonge ni ule mti unaochomoza katikati ya mmea ukishazeeka. Ni mrefu, umenyooka, unapendeza macho. Mimi nimekulia kazini katikati ya mkonge, naujua. Ukikauka, nje ni mgumu na ndani ni kama gunzi la muhindi. Unafaa kushikilia udongo wa ukuta wa nyumba, unafaa ua wa bafu. Mtu hasimami juu yake na tofali.

"Ndugu," nikasema, na nilisema kwa heshima zote, "mgeni atasimama juu ya mbao zile kwa muda wa hotuba moja. Sisi tunasimama siku nzima. Naomba tuazime meza za shule ya jirani, tumtengenezee mgeni mahali pazuri, mbao zibaki."

"Meza!" alisema, na uso ukabadilika. "Unataka tumpandishe mgeni juu ya meza kama mwuza vitumbua?"

Jioni ile kukawa na mkutano mbele ya ofisi ya kijiji. Ofisa alisema mambo mengi mazuri juu ya umoja, kisha akasema, bila kunitaja, kwamba wapo miongoni mwetu waliotoka mjini na bado wana kasumba. Wanataka mali ya wananchi iwe yao, na wanajificha nyuma ya maneno ya ufundi. Mtu mmoja kutoka nyuma akatamka, "Kupe!" Watu wakageuka kunitazama. Siku zile neno lile halikuwa tusi la mchezo. Mtu akishaitwa kupe hajui kesho atalala wapi.

Nilitaka kusimama. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Mwashi mwenzangu, aliyeketi kando yangu, akanishika goti.

"Nyamaza, kaka," akanong'ona. "Una watoto Korogwe. Tutalifunga vizuri. Mimi ni mwepesi, hata mkonge utanibeba."

Nikanyamaza. Hapo ndipo ninapojilaumu, na hakuna mtu aliyewahi kunifuta lawama hiyo, hata wale waliojaribu.

Jumanne tukalivunja jukwaa letu. Mbao zikabebwa kwa nyimbo kwenda uwanjani, na sisi tukaenda bondeni kukata milingoti. Niliikagua mmoja mmoja kwa kuigonga, nikatupa mingi. Nikaifunga mitatu mitatu kwa pamoja. Kamba mpya nazo zilikuwa zimekwenda uwanjani kufungia mapambo, kwa hiyo tukatumia zile za zamani zilizokuwa zimefunga magunia. Badala ya mbao tukatandika milingoti mingine. Nilipanda mimi wa kwanza, nikatembea kutoka mwisho hadi mwisho. Ililia, lakini ilishika. Laiti ingevunjika saa ile, mimi nikiwa peke yangu na chini hakuna mtu! Ilishika, na kwa kushika kwake ikatudanganya.

Nikaweka masharti: mtu mmoja tu juu, tofali tatu kwa wakati mmoja, karai nusu. Siku ile kazi ilikwenda polepole na hakuna aliyeumia.

Jumatano asubuhi ofisa alikuja akasimama chini, akatazama, akatazama saa yake.

"Tofali tatu?" akauliza. "Mnajenga shule au mnacheza bao?"

Nikamweleza tena. Safari hii hakubishana nami. Aliwageukia vijana wa msaragambo waliokuwa wakipokezana tofali, akawaambia, "Pandisheni. Mjazieni huko juu asiwe anangoja." Nao wakapandisha. Wangefanya nini? Juzi yake walikuwa wamesikia mimi ni kupe.

Nilikuwa nimeinama nanyoosha uzi upande wa mlango. Nilipoinua macho niliona tofali zimepangwa juu ya milingoti kama kwenye tanuru, labda hamsini, na mwashi mwenzangu katikati yake, anapiga mwiko, anaimba. Nakumbuka nilichofikiri, neno kwa neno. Nilifikiri: mstari huu ukiisha nitamwambia ashuke. Si kwamba sikuona. Niliona, nikajipa dakika tano, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kusema hapana.

Chini ya ukuta, mama mmoja alikuwa anatoka kisimani. Alikuwa mke wa mkulima wa mihogo wa nyumba ya tatu kutoka ofisini, mama wa watoto wanne, mwanamke mcheshi ambaye mara kadhaa alituletea mihogo ya kuchemsha bila kuombwa. Kazi ya msaragambo siku ile haikuwa zamu yake. Alikuwa anapeleka maji kwake tu. Alisimama kidogo kuweka sawa kata kichwani, akasema, "Mafundi, kazi njema."

"Ahsante, mama," mwenzangu akajibu kutoka juu.

Sauti ya mlingoti kuvunjika si kubwa. Ni kama mtu amevunja ukuni kavu gotini. Ulivunjika mmoja, kisha kamba ikakatika, kisha vyote vikaja kwa pamoja, mtu na tofali na miti, na vumbi jekundu likapanda hadi usawa wa lenta. Nilikimbilia ndani ya vumbi. Mwenzangu alikuwa amelala ubavu juu ya tofali, paja limepinda mahali ambapo paja halipindi, anasema, "Kaka, mimi mzima, mtazame mama. Mtazame mama."

Nikamtazama. Tulimwondolea tofali kwa mikono, mimi na vijana wawili. Ndoo yake ilikuwa imebonyea na maji yalikuwa bado yanatiririka kufuata njia. Alikuwa amekwisha kufa. Nilimfunika uso kwa shati langu, kisha nikatazama huku na huku nikimtafuta ofisa. Alikuwa amesimama palepale alipokuwa, mikono kichwani, anasema, "Lori. Lori liko wapi?"

Lori lilikuwa limekwenda Handeni mjini kuchukua viti vya wageni.

Tulimlaza mwashi kwenye kitanda cha kamba, tukambeba watu sita hadi Mkata kwenye barabara kuu. Mkewe alitufuata akitembea kwa kukimbia, hakulia hata mara moja. Alikuwa anamfukuza nzi usoni kwa upande wa kanga. Kila tulipotua kupumzika mwenzangu alizimia na kila tulipomwinua alizinduka. Basi la kwanza halikusimama. La pili likasimama, na dereva, Mungu amlipe, alipoona hali akawaambia abiria wa viti vya nyuma wote wasimame. Hakuna aliyelalamika. Mzee mmoja mwenye kanzu alikunja joho lake akaliweka chini ya paja la mgonjwa. Basi likaondoka kwenda Korogwe hospitali, mke wake akiwa amepiga magoti katikati ya viti.

Mimi nikarudi kijijini, kwa sababu kulikuwa na maziko. Nilifika wanamswalia. Baada ya kufukia, watu walipoanza kutawanyika, mume wa marehemu alinijia. Alikuwa mtu mpole, mikono yake ina udongo wa kaburi. Hakunipa mkono.

"Fundi," aliniuliza, "ile miti, ulijua?"

Ningeweza kusema mambo mengi. Ningesema nilikatazwa, nilitukanwa, nililazimishwa.

"Nilijua," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa saa. "Na wewe ndiye fundi."

"Mimi ndiye fundi."

Akaondoka. Tangu siku hiyo nimetukanwa na watu wengi katika maisha yangu, na hakuna tusi lililoniingia kama maneno yale ambayo hayakuwa tusi.

Nilidhani ziara itaahirishwa. Kumbe haikuahirishwa. Asubuhi ya Alhamisi ofisa alipita kila nyumba akiwaambia watu kwamba mgeni ametoka mbali, kwamba marehemu mwenyewe alikuwa mpenda maendeleo, na kwamba habari za jana zisipelekwe mbele ya mgeni kwani zitaharibu jina la kijiji. Vipande vya milingoti vilikuwa vimeshaondolewa, tofali zimepangwa, na mahali pale pamefagiliwa. Mtu asiyejua asingejua.

Nikaenda uwanjani kulitazama jukwaa. Lilikuwa imara! Miti ya mkaratusi, mihimili imekingamana, kamba zangu mpya, matawi ya minazi na maua ya karatasi. Walilifunga kwa kunakili kazi yangu. Nililishika kwa mkono nikalitikisa na halikutikisika hata chembe. Tulikuwa na uwezo wa kumsimamisha mtu salama. Mbao zilikuwepo. Ujuzi ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuamini kwamba mwashi na mwanamke mwenye ndoo wanastahili mbao zilezile.

Magari yakafika, ngoma zikapigwa, mgeni akapanda. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti nzuri, akatusifu. Ofisa akasoma taarifa: vyumba viwili vya madarasa, tofali elfu kadhaa, nguvu za wananchi. Mwisho, kwa sauti ya chini, akasema kwamba katika ujenzi huo kijiji kimempoteza mwananchi mmoja. "Lakini kama wahenga walivyosema, ajali haina kinga."

Sikumbuki nilivyofika mbele. Nakumbuka mgambo wawili wamenishika mikono na mimi nasema kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu:

"Ina kinga! Mheshimiwa, umeikanyaga kinga yenyewe! Hizo mbao ulizosimama juu yake ni mbao zetu, zimeng'olewa ukutani juzi, na mama wa watu amezikwa jana!"

Ngoma zilikuwa zimeshanyamaza. Mgeni alitazama chini, miguuni pake. Nitamsifu kwa hilo, alitazama. Akamwuliza ofisa kitu ambacho sikukisikia, na ofisa akamjibu kwa kirefu, mkono ukionyesha upande wa shule, kisha upande wangu. Mgeni akatikisa kichwa. Kisha akasema kwenye kipaza sauti kwamba suala hilo litachunguzwa, na akaomba tusimame kumkumbuka marehemu. Tukasimama. Mimi nilisimama nikiwa nimeshikwa. Baada ya hapo wakaenda kutazama shamba la pamoja.

Walinifungia kwenye chumba cha ofisi ya kijiji mpaka magari yalipoondoka. Waliponifungulia, ofisa alikuwa peke yake, ameketi, macho mekundu.

"Umeniaibisha," alisema.

"Mwanamke amekufa."

"Unadhani mimi nilitaka afe?"

"Hapana. Ulitaka ukuta Alhamisi."



Uchunguzi ulikuja, baada ya wiki nyingi. Uliletwa na mtu mmoja mwenye mkoba, aliyekaa nusu saa na kuandika karatasi moja. Aliniletea nitie sahihi. Iliandikwa kwamba jukwaa lilianguka kwa sababu ya uzito, na kwamba marehemu alipita mahali asipotakiwa kupita. Nilisoma sentensi ile ya mwisho mara tatu. Yule mama aliyenyimwa ua wa miiba kwa kuwa shule ni yake, sasa alikuwa na kosa la kupita kwenye shule yake.

"Andika kwamba mbao zilichukuliwa," nikamwambia. "Andika nani aliagiza. Andika kwamba fundi alijua akanyamaza. Halafu nitatia sahihi."

"Sina nafasi ya kuandika hayo yote," alisema.

Sikutia sahihi. Mwezi uliofuata fundi mwingine aliletwa, nami nikaambiwa nimalize siku zangu nirudi Korogwe. Kitu kimoja nilikifanya kabla ya kuondoka. Niliomba watu wa kunisaidia kukata miiba, bila kumwuliza ofisa. Nilitegemea waje wawili watatu. Alikuja mume wa marehemu na panga lake, akaja na ndugu zake, na nyuma yao wakaja wale vijana waliopandisha tofali. Hadi adhuhuri uwanja wote wa ujenzi ulikuwa umezungushiwa, na njia ya kisimani imepitishwa upande wa pili. Ofisa alisimama mlangoni mwa ofisi yake akitutazama, na hakusema kitu juu ya wakoloni. Shule ilikwisha, ikaezekwa, watoto wakaingia. Bila shaka imefaa watu wengi. Ofisa akahamishiwa wilaya nyingine, na waliomuaga walimsifu kwa bidii.

Mwashi mwenzangu alikaa hospitalini miezi mingi. Nilikuwa namtembelea kila Jumapili, nampelekea ndizi na habari. Alitoka na mguu mmoja mfupi na hakupanda tena ukuta wowote. Alifungua kibanda kidogo Mkata, akauza mahindi ya kuchoma na mihogo kwa abiria wa mabasi, akawa na maneno mengi kama zamani. Niliwahi kumwomba msamaha.

"Kwa lipi?" akasema. "Mimi ndiye niliyekushika goti."

"Na mimi ndiye niliyekubali kushikwa."

"Basi tugawane," akasema, akanipa muhindi.

Mimi niliendelea na ujenzi Korogwe miaka mingi. Mafundi vijana walinicheka kwa sababu siweki tofali la kwanza kabla ya ua kusimama, na kwa sababu nimewahi kuacha kazi tatu, zote nzuri, mwenye nyumba alipokataa kunipa mbao. Waliniita mwoga. Walikuwa sahihi. Naogopa sana.

Nilimwona yule ofisa mara moja tu baada ya hapo, stendi ya mabasi Korogwe, wote wawili tukiwa tumeota mvi. Yeye ndiye aliyenitambua. Alinijia kwa furaha, mikono miwili mbele.

"Fundi! Habari za siku nyingi! Unakumbuka ile shule? Siku zile tulifanya kazi, bwana. Watoto wa siku hizi hawawezi."

Nilimpa mkono. Adabu niliyolelewa nayo hainiruhusu kumnyima mtu mkono. Kisha nikamwuliza kama anakumbuka jina la yule mama.

"Mama gani?" akasema, halafu nikaona amekumbuka, uso ukashuka. Akatazama juu, akatazama mabasi, midomo ikacheza. Hakulikumbuka. Nikamtajia, jina lake na la baba yake, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, hata wauza maji na makondakta wakageuka. Hapa silitaji, kwa sababu mumewe aliniomba nisiliandike kokote. Lakini pale nilimtajia mara mbili.

"Ilikuwa ajali, fundi," alisema kwa unyonge.

"Sema jina lake," nikamwambia.

Akalisema. Alilikosea kidogo, nikamsahihisha, akalisema tena. Basi lake likapiga honi. Alipanda akiwa ameshika chuma cha mlangoni kwa mikono yote miwili, kwa uangalifu, kama wazee tunavyopanda. Kondakta akagonga bodi, basi likaondoka.